Sauti Nzito ya Gitaa: Kwa Nini Kuongeza Mkwaruzo Hakuongezi Uzito

Malalamiko ni yaleyale kila wapiga gitaa wanapokutana. Mtu kanunua pedali, yaani kisanduku cha kukanyaga kinachobadilisha sauti, aliyoisikia ikisifiwa, kafungulia nobu zote hadi mwisho, na kinachotoka kwenye spika ni mvumo wa nyuki. Mwingine ana sauti nene na tamu akiwa peke yake chumbani, lakini bendi ikianza tu gitaa lake linamezwa. Anaambiwa tatizo ni amplifaya, anabadilisha. Anaambiwa ni pikapu, anabadilisha. Anaambiwa bila amplifaya ya valvu, yaani yenye taa za kioo za kukuza sauti, hafiki popote. Fedha zinaisha, sauti iko palepale.

Kwa maoni yangu wengi wao hawana kifaa kibovu. Wanahangaika na mkwaruzo uwe mwingi kiasi gani, wakati uzito wa sauti unaamuliwa zaidi na mahali: mkwaruzo unatokea wapi katika safari ya sauti, nini kimepunguzwa kabla haujatokea, na nini kimerudishwa baada yake. Ukiielewa safari hiyo, hata vifaa vya kawaida vinaweza kukupa sauti inayosukuma kifua.

Safari yenyewe

Uzi wa gitaa la umeme ukitetemeka juu ya pikapu, yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko, unazaa umeme mdogo sana. Umeme huo unaobeba sauti tuuite signali. Signali inapita kwenye kebo, inapitia pedali kama zipo, inaingia kwenye amplifaya. Amplifaya nayo ina sehemu mbili. Sehemu ya mwanzo inaikuza signali, na mara nyingi hapo ndipo zilipo nobu za besi, sauti za kati na sauti nyembamba. Sehemu ya mwisho inaipa nguvu ya kusukuma spika. Spika inaugeuza umeme kuwa mtikisiko wa hewa, na mwisho kabisa lipo sikio lako, ambalo nalo lina tabia zake.

Mkwaruzo, au distosheni kama wengi tunavyoiita, unatokana na ukweli mmoja: kila saketi ina kikomo. Signali ikikuzwa kupita kikomo hicho, kilele cha wimbi hukatwa. Wimbi lililoingia na mgongo wa mviringo linatoka likiwa bapa juu na chini. Kukatwa huko kunazaa sauti ambazo hazikuwepo. Piga noti yenye mitetemo 100 kwa sekunde, yaani hezi 100, na baada ya mkwaruzo utapata pia 200, 300, 400, 500 na kuendelea, kila moja kwa kiwango chake. Nyongeza hizo ndizo masikio yetu yanazozipokea kama unene na ukali.

Kuna jambo la pili linalotokea hapohapo, na wengi hawalitambui. Kwa kuwa vilele vyote vinakatwa kwenye urefu uleule, pigo la nguvu na pigo dogo vinatoka karibu sawa. Noti inayoanza kufifia inaendelea kusikika kwa ukubwa uleule kwa muda mrefu. Ni raha kubwa unapopiga noti moja ya kulia na kuivuta. Lakini kumbuka kwamba pigo la nguvu limepoteza nguvu yake, maana tutalihitaji baadaye.

Sasa nobu mbili zinazochanganywa kila siku. Geini ni kiasi ambacho signali inakuzwa kabla ya kufika kwenye kikomo. Ndiyo inayoamua vilele vikatwe kwa wingi gani. Volumu ni ukubwa wa sauti baada ya kukatwa. Unaweza kuwa na geini kubwa kwa sauti ya kunong'ona, na unaweza kuwa na geini ndogo kwa sauti ya kutikisa madirisha. Anayeongeza geini kwa sababu hasikiki vizuri kwenye bendi anazungusha nobu isiyo yake.

Mkwaruzo wenyewe ulianza kama hitilafu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mpiga gitaa Link Wray alitoboa spika zake ili zikwaruze. Mwaka 1964 Dave Davies wa bendi ya The Kinks alikata karatasi ya spika kwa wembe. Katikati ya wawili hao, mwaka 1962, ilitoka pedali ya Maestro FZ-1, iliyobuniwa baada ya saketi moja ya studio huko Nashville kuharibika na kutoa mvumo ambao watu waliupenda. Tangu hapo pedali zimegawanyika kwa jinsi zinavyokata kilele. Ovadraivu hukata taratibu, ikipinda wimbi kabla ya kulifanya bapa. Mfano unaojulikana zaidi ni Ibanez Tube Screamer. Distosheni hukata kwa ghafla, kama Boss DS-1 ya 1978 au ProCo RAT iliyozaliwa miaka hiyohiyo. Fazi hukata karibu kila kitu mpaka wimbi linafanana na matofali, na humo ndimo alimo Fuzz Face wa 1966. Mipaka kati ya makundi haya si mikali, na jina lililoandikwa kwenye kasha lisikusumbue sana.

Besi ndiyo inayoharibu

Hapa ndipo penye kiini, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Signali ya gitaa haina wimbi moja. Ina mawimbi makubwa ya besi na mawimbi madogo ya sauti nyembamba yanayosafiri pamoja, madogo yakiwa yamepanda juu ya makubwa. Fikiria mtu mrefu aliyembeba mtoto mabegani, anaingia kwenye chumba chenye dari fupi. Anayegonga dari kwanza ni mtoto. Dari ndicho kile kikomo cha saketi, mtu mrefu ni besi, na mtoto ni ile sehemu ya sauti inayobeba mguso wa pleki (kibamba cha kupigia nyuzi), ukwaruzaji wa uzi, na mwanzo halisi wa kila noti. Besi ikijaa kwenye signali inayokwenda kukatwa, kila inapofika juu inawafuta wadogo wote walio mabegani mwake. Matokeo yake unayajua: pigo halina mwanzo, noti za haraka zinagandana, na uzi mnene wa chini unatoa mlio wa kubebwa badala ya kupigwa.

Dawa inawashangaza watu kwa sababu inaonekana kwenda kinyume: ili sauti iwe nzito, punguza besi kabla ya mkwaruzo. Kisha iongeze baada yake. Besi inayoongezwa baada ya kukatwa haimfuti mtu, kwa kuwa hakuna dari tena mbele yake. Inaingia kama uzito safi chini ya sauti ambayo tayari ina meno.

Hii ndiyo sababu ya tabia moja inayowachanganya wanaoanza. Wanaona wapiga metali, yaani roki nzito, wana amplifaya zenye geini ya kutisha, na bado wanaweka mbele yake Tube Screamer, pedali ambayo peke yake ina mkwaruzo mpole tu. Wanajiuliza inaongeza nini. Tazama nobu zake zilivyowekwa: mkwaruzo umefungwa karibu na sifuri, na volumu ya pedali iko juu. Pedali haikuwekwa kwa ajili ya mkwaruzo wake. Imewekwa kwa sababu saketi yake inapunguza sauti zilizo chini ya takriban hezi 720 kabla ya kukata, na inazisukuma mbele sauti za kati. Inafanya kazi ya mlinzi mlangoni: besi inapunguzwa, signali iliyobaki inaingia kwa nguvu kwenye amplifaya, na amplifaya ndiyo inayokwaruza. Washa na uzime pedali hiyo huku ukipiga uzi mnene uliozuiwa kwa ubavu wa kiganja. Ikiwa imezimwa utasikia "buuu". Ikiwa imewashwa utasikia "duk". Geini ni ileile, lakini "duk" ndiyo nzito.

Wala si ujanja mpya. Tony Iommi wa Black Sabbath, mtu ambaye wengi humhesabu kuwa ndiye aliyeanzisha sauti ya metali, alikuwa akiweka mbele ya amplifaya zake za Laney kifaa kinachoitwa Dallas Rangemaster. Kazi ya kifaa hicho ni kusukuma sauti nyembamba kuliko besi. Fikiria hilo: chanzo cha sauti nzito kuliko zote za wakati wake kilikuwa na kifaa cha kuongeza wembamba mlangoni.

Mfano wa wazi zaidi ni amplifaya za Mesa/Boogie za mfululizo wa Mark. Kwenye hizo, nobu za besi, kati na nyembamba ziko kabla ya hatua kubwa ya mkwaruzo, na baada ya mkwaruzo kuna vitelezi vitano vya kurekebisha sauti: 80, 240, 750, 2,200 na 6,600 hezi. Mtu asiyejua anaifungua nobu ya besi hadi nusu, kama alivyozoea kwingine, na anapata uji. Wanaoijua huiacha nobu hiyo chini kabisa, kisha wanarudisha uzito kwa kitelezi cha 80. Kwenye amplifaya nyingi za Marshall ni kinyume: nobu za sauti ziko baada ya sehemu kubwa ya mkwaruzo wa mwanzo, kwa hiyo besi yake haileti uji kwa kiwango hichohicho. Ndiyo maana ushauri wa "weka besi kwenye saba" hauna maana mpaka ujue nobu hiyo imekaa upande gani wa mkwaruzo. Kujua ni rahisi: weka geini kubwa, zungusha besi. Kama mkwaruzo wenyewe unabadilika tabia na kuanza kuvuruga, nobu iko kabla. Kama ni uzito tu unaoongezeka na kupungua, iko baada.

Kwa nini noti mbili zinatosha

Mkwaruzo una tabia nyingine inayoeleza kwa nini muziki mzito umejengwa juu ya pawakodi, yaani noti ya msingi na ya tano yake bila kitu kingine katikati. Noti mbili zikipita pamoja kwenye saketi inayokata, zinazaa pia noti ya tatu ambayo masafa yake ni tofauti kati ya hizo mbili. Chukua E ya chini kabisa ya gitaa, karibu hezi 82, na B iliyo juu yake, karibu hezi 123. Toa moja kwa nyingine, unabaki na takriban 41. Hezi 41 ni E ya uzi mnene wa gitaa la besi, oktavu nzima chini ya noti uliyopiga. Hukuigusa, lakini iko pale, na inakubaliana kabisa na noti zako mbili.

Sasa jaribu E pamoja na G-sharp, mchanganyiko mtamu kabisa kwenye gitaa lisilo na mkwaruzo. Hezi 82 na karibu 104. Tofauti ni kama 21, na haiangukii sawasawa kwenye noti ya kodi hiyo (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja). Ongeza mazao mengine ya mkwaruzo yanayogongana kwa namna hiyohiyo na unapata ule mngurumo mchafu unaowafanya watu wadhani gitaa limepoteza tuni. Hakuna amplifaya ya bei yoyote itakayokuondolea hilo kwa geini kubwa. Ukitaka kodi kamili zenye noti tatu au nne, punguza geini, au zitawanye noti zake, kila uzi upigwe kwa wakati wake.

Hesabu hiyo pia inaonyesha kwamba tuni lazima iwe kamili. Noti ya tano iliyopotoka kidogo, ambayo bila mkwaruzo hungeitambua, inaanza kuyumba na kupiga mawimbi mara tu geini inapopanda.

Imani nne zinazogharimu watu

Ya kwanza ni kwamba geini zaidi ni uzito zaidi. Tumeona vilele vikikatwa vyote kwenye urefu mmoja. Ukiendelea kuongeza, hakuna tena tofauti kati ya pigo na ukimya baina ya mapigo, kwa sababu hata kelele ndogo ya mkono ukitelezea nyuzi inakuzwa hadi darini. Na uzito kwa sikio ni tofauti hiyo hasa: kitu kinaanguka, kinanyamaza, kinaanguka tena. Jaribio ninalolipenda ni hili. Weka geini unayoiona inafaa, piga mpigo wako mzito, kisha ipunguze kidogo kidogo huku ukipiga kwa nguvu zaidi kwa mkono wa pleki. Kuna mahali sauti itafunguka na mapigo yataanza kusimama kila moja peke yake. Mahali hapo karibu kila mara ni chini ya pale ulipoanzia.

Imani ya pili ni kwamba sauti nzito ni besi nyingi, nyembamba nyingi, na za kati sifuri. Hii ina ladha ya kweli, na ndiyo inayoifanya iwe hatari. Ukiwa peke yako chumbani, kuondoa sauti za kati kunafanya gitaa lionekane kubwa, kama rekodi iliyokamilika. Lakini rekodi ina watu wengine. Gitaa la besi na ngoma ya mguu vimekwishachukua sehemu ya chini, na matoazi yamejaza sehemu ya juu. Gitaa lako, likiwa limeondolewa katikati, linajaribu kukaa kwenye viti viwili vyenye wenyewe na kuacha wazi kiti chake. Sehemu ambayo sikio hulitambua gitaa iko hasa kati ya hezi 400 na 2,000 na kitu. Mchezaji anayemezwa na bendi mara nyingi hahitaji volumu. Anahitaji kuizungusha nobu ya sauti za kati hadi afike mahali ambapo akiwa peke yake angeona sauti inapiga pua kidogo. Ndani ya bendi pua hiyo inageuka kifua, kwa sababu gitaa la besi linaijazia chini.

Atakayebisha atanitajia Boss HM-2, pedali iliyotoka mwaka 1983 na ambayo bendi za metali za Uswidi, Entombed wakiwa mbele, ziliitumia na nobu zote nne zikiwa zimefunguliwa hadi mwisho katika studio ya Sunlight, Stockholm. Geini imejaa, besi imejaa, na sauti ni msumeno unaokata mti. Iangalie kwa karibu, lakini. Nobu yake ya pili ya sauti haiongezi nyembamba za juu kabisa. Inainua kilima kikubwa cha sauti za kati karibu na hezi 1,000. Na nobu hizo za sauti ziko baada ya mkwaruzo. Kinachosikika kama fujo kimefuata kanuni zote mbili tulizozieleza.

Ya tatu ni valvu. Amplifaya za valvu zinakata wimbi kwa upole unaopendeza, na zinaujibu mkono kwa namna ambayo wengi wetu tunaipenda kwa haki. Lakini kusema hakuna uzito bila valvu ni kumsahau Dimebag Darrell wa Pantera, ambaye sauti yake ya miaka ya 1990, mojawapo ya sauti zilizoigwa zaidi katika metali, ilitoka kwenye amplifaya za Randall zinazotumia transista badala ya valvu. Siku hizi kuna pia programu na visanduku vya dijitali vinavyoiga amplifaya kwa usahihi mkubwa. Na kama unamiliki ya valvu, jambo moja la usalama: usiiwashe na kuipiga bila spika kuunganishwa, maana transfoma yake ya mwisho inaweza kuungua.

Ya nne ni wati. Amplifaya ya wati 100 si kubwa maradufu ya ile ya wati 50 kwa sikio. Tofauti ni desibeli 3, unaisikia, lakini ni ndogo. Ili sauti ionekane maradufu unahitaji takriban nguvu mara kumi. Wati nyingi zinasaidia besi isichoke kwenye sauti kubwa. Haziongezi uzito chumbani.

Spika, kifaa kinachosahauliwa

Ukichomeka pedali ya distosheni moja kwa moja kwenye mikisa au kompyuta, utapata ule mvumo wa nyuki niliouanza nao. Pedali haina kosa. Spika ya gitaa ya inchi 12 haitoi sauti zote. Juu ya hezi 5,000 hivi inaporomoka haraka. Mkwaruzo unazalisha sauti nyembamba nyingi sana, kali kiasi cha kuumiza, na spika ndiyo inayozichuja. Bila kichujio hicho unasikia kila kitu. Kwa hiyo anayerekodi bila amplifaya anahitaji kifaa au programu inayoiga spika na kabati lake, na hilo linabadilisha sauti kuliko kubadilisha pedali. Kama fedha zinatosha kitu kimoja tu, ningezipeleka kwenye spika au kiigizo chake kabla ya kununua pedali ya tatu.

Spika pia inarusha sauti nyembamba mbele yake kama mwanga wa tochi, na besi inasambaa pande zote. Amplifaya ikiwa sakafuni nawe umesimama mita moja mbele yake, sauti nyembamba zinapita magotini. Wewe unasikia sauti butu, unaongeza ukali, na aliyekaa mbali kwenye mstari wa spika anaziba masikio. Chuchumaa kichwa kiwe usawa wa spika, au iinue na kuiegemeza, kabla hujagusa nobu yoyote. Kanuni hiyohiyo inaongoza maikrofoni: ikitazama katikati ya spika inapata ukali, ukiisogeza sentimita chache kuelekea ukingoni inapata unene. Sentimita mbili zinaweza kufanya kazi ambayo umeihangaikia jioni nzima kwenye nobu.

Halafu kuna sikio. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba kwa sauti ndogo binadamu tunaisikia besi hafifu kuliko sauti za kati, na kadiri sauti inavyokua pengo hilo linapungua. Ukitengeneza sauti yako usiku kwa kunong'ona, utajaza besi ili uridhike. Kesho yake mazoezini, kwa sauti kubwa, besi hiyo yote inafufuka na kuyafunika magitaa mengine. Sauti ya kupigia na bendi itengenezwe kwa ukubwa wa bendi, na bendi ikiwa inapiga.

Nyuzi na mkono

Kuhusu kushusha tuni, nitasema machache. Iommi alipoteza ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia kiwandani Birmingham akiwa na miaka 17, na kwa kuwa anapiga kwa mkono wa kushoto, hivyo ndivyo vidole vya kubana nyuzi. Akatafuta nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza kwa kushusha tuni nusu-toni tatu. Sauti iliyopatikana ikawa shule. Ila kila unaposhuka unaisogeza noti kwenye eneo la gitaa la besi, na uzi uliolegea unapanda tuni kila unapoupiga kwa nguvu. Kama unashuka, weka nyuzi nene zaidi na punguza besi kabla ya mkwaruzo hata kuliko ulivyozoea.

Mkono una sehemu kubwa. Ubavu wa kiganja ukikaa juu ya daraja lenyewe, pale nyuzi zinaposhikiliwa mwilini mwa gitaa, unatoa noti. Ukisogea milimita chache mbele unatoa mdundo. Ukizidi, noti inakufa. Pleki ngumu inatoa mwanzo mkali wa noti kuliko laini. Na nobu ya volumu ya gitaa lenyewe ni nobu ya geini ambayo wengi hawaigusi: ishushe kidogo, signali inafika darini kwa upole zaidi, mkwaruzo unasafika.

Kwenye kurekodi, unene unaousikia kwenye rekodi za muziki mzito kwa kawaida ni mpigo uleule uliopigwa mara mbili au zaidi, mmoja ukawekwa kushoto na mwingine kulia. Lazima upigwe upya. Kunakili mpigo mmoja na kuuweka pande zote mbili hakuleti upana. Vinavyofanana kabisa vinasikika vikitoka katikati, vikubwa zaidi basi. Upana unaletwa na tofauti ndogondogo za mkono. Na kwa kuwa mikwaruzo inajumlishwa, kila mpigo unahitaji geini ndogo kuliko ungepiga peke yako.

Ukitaka kupanga vifaa vyako upya, zima pedali zote, weka nobu za sauti za amplifaya katikati na geini karibu na theluthi. Piga mpigo wako mzito kwenye uzi mnene. Kama unavuruga, weka ovadraivu mbele, mkwaruzo wake chini, volumu yake juu, kabla hujafikiria kuongeza geini. Ongeza geini hadi noti zishikane vizuri, kisha rudi nyuma kidogo. Tafuta sauti za kati bendi ikiwa inapiga. Besi iwe ya mwisho, na iongezwe upande wa baada ya mkwaruzo. Mwangwi na diley (marudio ya sauti yanayochelewa) vikae baada ya mkwaruzo pia, kwenye lupu ya amplifaya kama ipo, yaani matundu ya kuunganishia vifaa kati ya sehemu yake ya mwanzo na ya mwisho, la sivyo mwangwi wenyewe utakwaruzwa.

Mngurumo wa umeme wa hezi 50 au 60 utabaki, kwa sababu geini haichagui cha kukuza. Pikapu za hambaka, ambazo Seth Lover aliziunda kwa ajili ya Gibson mwaka 1955, zina koili mbili zinazofutana mngurumo huo, na zinapunguza sehemu kubwa. Kelele inayobaki ni ya geti la kelele, kifaa kinachoinyamazisha usipopiga. Geti likikaa kabla ya amplifaya linanyamazisha gitaa na pedali tu, na mchemko wa amplifaya yenyewe unaendelea. Likiwekwa kwenye lupu linanyamazisha vyote viwili. Lirekebishe ukiwa umeshika noti ndefu na kuiacha ife yenyewe. Kama geti linaikata kabla haijafa, lilegeze.